Ame—

Mwezi ulipoandama, Konde nzima ilishika simu.
Bikombo akamwita mwanawe Maskati,
mwenye duka akawaita wanaomkopa,
vijana wa barazani wakatumiana picha za mwezi
ambao wote walikuwa wakiutazama.
Mnara wa kilimani ukawa kisima chenye ndoo moja.

Katikati ya msukumano huo
kaka yangu Shaame akanipata, kutoka Mnazi Mmoja:
"Mama ame—"

Basi.
Tuu, tuu, tuu. Kisha hata huo mlio ukaondoka.

Nimesomesha sarufi miaka tisa skuli ya hapa.
Nawaambia watoto: "ame" si neno,
ni kizingiti tu, neno liko ndani.
Usiku ule nilisimama kizingitini.
Ametoka chumba cha upasuaji. Amezinduka. Ameomba maji.
Ame—
na yale mengine, ambayo ulimi hauyakaribishi.

Nilipanda juu ya tangi la maji, mkono hewani.
Vijiti viwili. Kimoja. Hakuna.
Nikageukia Wete: kimoja. Nikapumua: hakuna.
Mvua ikaja upande wa Wingwi, bila haya,
watu wakakimbilia nguo za Idi kwenye kamba,
umeme ukakatika, na saa nzima haikupita
taa nyekundu ya mnara nayo ikafumba.

Baba alikuwa kakaa chini ya kisanduku cheusi ukutani,
simu yake ya zamani, bubu
tangu wezi walipoikata shaba wakaiuza kwa kilo.
Waya ule aliuvuta yeye, nguzo kwa nguzo, kutoka Wete,
na goti lake la kushoto halijausahau.
"Wetu haukungoja umeme wa mtu," akasema.
"Ulikula betri za kituoni.
Na nyuzi mbili zilikuwa za watu wawili,
hata uandame mwezi, hata zije idi saba."

Nikamjibu kwa ukali, maana nilikuwa naogopa:
"Nyumba kumi na moja, Baba!
Konde nzima, nyumba kumi na moja.
Waliobaki walipanga foleni barazani kwetu
wakipokea misiba yao mbele ya macho yetu.
Na kuti moja likiangukia waya
ulikuwa unapotea na ngazi siku tatu."

Hakubisha. Alikwangua nta ya mshumaa kwa ukucha.
"Kweli," akasema.
Kisha, baadaye sana, nilipodhani kasinzia:
"Lakini hata huo mnara wenu, chini ya miguu yake pana waya.
Unapita konde la Faki, unazama baharini,
unaibukia Unguja.
Hewa ni kipande cha mwisho tu.
Na hicho kipande ndicho mnachogombania."

Saa kumi na moja alfajiri taa nyekundu ikafumbua jicho.
Simu ikatetemeka mkononi mara tisa:
Idi njema, Idi njema, mkono wa Idi uko wapi,
ofa ya dakika za usiku, ambayo muda wake umekwisha,
Idi njema,
na katikati yao, kama mgeni aliyechelewa harusi,
ujumbe wa Shaame, wa saa mbili usiku:

Mama amelala.

Nikamsomea Baba.
Akainua kichwa.
"Sauti yake ilikuwaje?"
"Ni maandishi, Baba."
"Nakuuliza. Alipolitamka neno hilo,
sauti yake ilikuwaje?"

Takbira zikaanza msikitini.
Nikabonyeza namba ya Shaame,
na Konde nzima, dakika ile ile,
ikabonyeza pamoja nami.